Kaka, nitajuaje kama niko tayari kuanza? Jibu kwa dada wa Mwanga, Kigoma

Swali lilikuja refu, nimelipunguza lakini maneno ni yake:

"Shikamoo kaka. Nina miaka 27, naishi Mwanga hapa Kigoma, nimeajiriwa kwenye steshenari. Nina akiba ya 1,600,000. Nataka kufanya biashara ya dagaa, nikaushe vizuri nipaki niuze Dar na Dodoma. Najiandaa toka 2023, nina mchanganuo wa biashara kurasa 22, logo ninayo, semina nimehudhuria mbili, video nimeangalia mpaka bando linaisha. Lakini kila nikitaka kuanza naona kuna kitu sijakijua, mara TBS, mara mashine ya kupakia, mara soko. Mama aliwahi kuuza dagaa Kibirizi miaka mingi ila yeye kienyeji tu. Nitajuaje kama niko tayari? Na je, niache kazi kwanza ili nitulie?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo jepesi: kazi usiache. Mtu anayeacha mshahara ili "atulie" hatulii, anaanza kuhesabu siku za kodi ya nyumba, na mtu anayehesabu siku za kodi anauza dagaa zake kwa bei ya kutupa mteja wa kwanza akikohoa tu. Kaa steshenari. Jumamosi mchana na Jumapili zinakutosha kwa hiki nitakachokwambia.

Sasa hilo la kuwa tayari. We umekulia Kigoma kwa hiyo hili unalijua, nakukumbusha tu. Usiku wa giza ukisimama juu kule ukaangalia ziwani unaona taa mpaka unadhani kuna mji mwingine kwenye maji. Ikija mbalamwezi taa zinapungua, kwa sababu dagaa anafuata mwanga wa taa na mwezi ukishamwagika ziwa zima taa yako haina kazi, dagaa hawakusanyiki. Siku hizo ndo unakuta vijana wako nchi kavu wanashona nyavu, wanakalafati mitumbwi, wanatengeneza taa. Yaani maandalizi yao yana muda wake. Mwezi unazunguka siku 29 na nusu, giza likirudi wanaingia majini na nyavu walizonazo, na nakuhakikishia hakuna hata wavu mmoja uliozibwa matundu yote. Ukimuuliza nahodha "umejisikia tayari?" atakuangalia kama umechanganyikiwa, yeye anaangalia giza limefika au bado.

We mbalamwezi yako imeanza 2023.

Sikucheki, nina sababu ya kusema hivyo. Kurasa 22 ni nyingi, naomba nikuulize kitu kimoja tu kutoka humo: ndoo moja ya dagaa wabichi unayoinunua wewe, ikikauka inabaki kilo ngapi? Mimi nikikausha napata kama kilo moja kavu kwa kila kilo nne mbichi, wakati mwingine tatu na nusu, kwa sababu samaki mbichi robo tatu yake ni maji. Lakini usiniamini. Inategemea dagaa ni wadogo au wakubwa, wametoka majini alfajiri hiyo au wamelala kwenye boti, jua limewaka kiasi gani, na umekausha mpaka wapi. Hiyo namba ndo roho ya biashara yako yote, ndo inayokwambia kilo moja imekugharimu shilingi ngapi na unaweza kuuza bei gani bila kulia, na haipo kwenye semina yoyote. Ipo kwenye chanja la kuanikia, unaipata kwa siku moja ya jua na mzani. Kwa hiyo mchanganuo wako, samahani sana, ni kurasa 22 zinazozunguka shimo katikati.

Bei ya dagaa sikutajii, maana mpaka unasoma hapa itakuwa imeshabadilika.

Halafu kuna hili la mama. Hapa nimesimama kidogo kwa sababu limeniuma. Umeangalia video za watu wa nchi nyingine wanakausha samaki ambao si hawa, umelipia semina, na ndani ya nyumba kuna mtu aliyesimama pale mwaloni Kibirizi miaka mingi anajua kwa kugusa tu kama dagaa amekauka au anakudanganya, anajua nani anachanganya wa jana na wa leo, anajua ndoo ipi imebonyezwa chini ili ionekane imejaa, na we umemwandika kwa neno moja, "kienyeji". Huyo mama ndo maandalizi yako mdogo wangu, zaidi ya logo. Nakubali kuna vitu hajui, inawezekana alikuwa anaanika mchangani kama wengi walivyofanya na wengi bado wanafanya, na mteja wa Dar amechoka kutafuna mchanga, hiyo ni kweli na hapo ndo penye nafasi yako. Chanja lililoinuliwa juu, wavu safi, usafi wa kupaki, hayo unaongeza wewe. Ila msingi unao nyumbani, na unakula naye ugali kila siku bila kumuuliza.

Tena kuhusu msingi, angalia tunavyojenga nyumba. Nani hapa Kigoma mwisho wa reli aliwahi kungoja apate hela yote ya nyumba ndo aanze? Unanunua kiwanja, unafyatua tofali kidogo kidogo, unachimba msingi, unasimama mwaka, unapandisha ukuta, unahamia chumba kimoja dirisha limezibwa na bati. Lakini pia hakuna anayeanza na paa. Wewe umeanza na paa. Logo, mashine ya kupakia, nembo ya ubora, hayo ni bati na rangi.

Na hiyo TBS, shirika la viwango, inayokuogopesha ngoja nikuweke sawa. Wajasiriamali wadogo wana utaratibu wao, njia yake inapitia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, na SIDO ina ofisi kila mkoa, kwetu ipo. Lakini nembo ya ubora hawampi mtu kwa sababu ya mchanganuo wake. Wanakuja kuona unapozalishia na wanachukua sampuli wapeleke maabara. Sampuli ya nini sasa kama hujawahi kukausha hata kilo? Umeona mzunguko uliojifungia? Unasubiri kibali ndo utengeneze, na kibali kinasubiri ulichotengeneza. Hatua hiyo ni ya lazima na usiikwepe ukishaanza kubandika jina lako kwenye pakiti na kupeleka madukani, hicho ni chakula cha watu, ila haiji kabla ya raundi ya kwanza. TIN, namba ya mlipa kodi, ndo ipo siku yoyote na haina malipo, mtu akikuomba hela ya TIN shtuka. Mashine ya kupakia, achana nayo kabisa kwa sasa, kale kadogo ka kuzibia mifuko kwa umeme kanakutosha mwaka mzima. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku toka 1 Juni 2019, vifungashio vya chakula ni habari tofauti ila navyo vina viwango vyake, waulize hao hao SIDO usije ukanunua bando zima la mifuko isiyokubalika.

Najua kuna mtu atakwambia haraka haraka haina baraka. Mjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, halafu muachane hapo, maana methali za Kiswahili zinashika pande zote mbili na kila mtu anachukua ile inayomtetea. Cha muhimu ni kujua kipi cha haraka na kipi cha polepole, na hapo mimi nina cha kusema kwa sababu nimekosea pande zote.

2009 nilitaka kukamua mawese. Nikajiandaa miezi 14, nikaenda mpaka vijijini kuangalia michikichi, nikachora na banda, natafuta mashine nzuri kuliko zote, wakati jirani yangu alikuwa anakamua kwa kile kipressi cha mkono kilichochakaa na anauza kila wiki. Siku nimepata mashine wateja wangu wote walikuwa wateja wake. Nikaumia, nikajiapiza sitachelewa tena. Basi 2012 nikaruka upande wa pili: nikakopa milioni 3 kwenye kikundi, Desemba hiyo, mvua inapiga, nikanunua dagaa gunia 6 nikapeleka Dar. Nilikuwa sijawahi kutuma hata kilo mbili. Dagaa walikuwa wamekauka juu ndani bado, safari ndefu, reli yetu ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200 mpaka pwani, mzigo umefungwa umepata joto. Nikapigiwa simu, "kaka mzigo wako unanuka." Deni lile nililipa miaka miwili na heshima ya kwenye kikundi ilichukua zaidi ya hapo.

Watu wakinisikia nasimulia hiyo ya pili wanasema unaona, ulianza bila kujiandaa. Hapana. Tatizo langu lilikuwa nimeanza kwa ukubwa wa gunia 6, kwa hela za watu wengine, kwenye mwezi wa mvua. Ningeanza na kilo 5 za hela yangu kosa lilelile lingenigharimu hela ya soda na chapati, na ningelijua Novemba badala ya kulijua Januari nikiwa na deni.

Kuna profesa mmoja anaitwa Saras Sarasvathy, alikaa na wajasiriamali wazoefu 27 Marekani, akawapa biashara ya kufikirika akawaambia wafikirie kwa sauti wataianzishaje. Andiko lake la 2001 ndo lililotangaza hii hoja. Alichokiona ni kwamba wazoefu hawakuanza na kukadiria faida watakayopata, walianza na walichonacho mkononi, wanaowajua, na kiasi ambacho kikipotea wataendelea kuishi. Hasara unayoimudu. Mimi nilipokutana na hoja hiyo nilicheka kwa sababu bibi zetu wa sokoni wanafanya hivyo bila profesa, anafunga hela ya mtaji kwenye pindo la kanga na hela ya unga pindo lingine na hazikutani.

Kwa hiyo kwenye 1,600,000 yako kaa chini ujiulize: ni kiasi gani kikiondoka chote leo, kikaliwa na paka, nitaudhika lakini nitalala? Kama ni 100,000 basi hiyo ndo raundi ya kwanza. Kama ni 60,000 ni hiyo. Iliyobaki usiiguse hata kama raundi ya kwanza imekwenda vizuri sana, hasa ikienda vizuri sana.

Unaijua hadithi ya Liemba, hiyo meli yetu? Ilitengenezwa Ujerumani 1913 ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, ikaingia majini 1915. Wajerumani walipoona wanaondolewa hapa 1916 wakaizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi kila mahali. Waingereza walipokuja kuiibua 1924 wakakuta mitambo bado inafaa, 1927 ikarudi kazini na imebeba watu mpaka wajukuu wa wajukuu zao. Mimi nikianza kitu chochote nauliza hilo swali la grisi. Hiki kikizama, kinaibuka? Kilo 10 za dagaa za hela yako zikioza, mwezi ujao unaibuka. Mshahara ukiuacha, ukagombana na mama, ukakopa, ukawalisha watu dagaa wenye ukungu wakaumwa tumbo, hapo hakuna grisi. Mambo ya aina hiyo ndo unayapa maandalizi kamili, hapo sitaki kusikia habari ya kuthubutu. Mkopo hivyo hivyo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake 4 vijana 2 watu wenye ulemavu, ipo na inasaidia watu, ila ni deni na inaenda kwa vikundi, hela ya mkopo si ya kujifunzia, ni ya kuongeza kitu kinachotembea tayari. Na ukitaka siku moja kwenda ziwani mwenyewe kufuata mzigo kwenye boti, usipande bila jaketi okozi eti kwa sababu kaka alisema uanze kabla hujawa tayari.

Kuna kitu hukukiandika ila nakiona katikati ya mistari, niambie kama nimekosea. Mwanga ni padogo. Ukianza ukashindwa, wanaokuona steshenari kila siku watajua, wale wa semina watajua, shangazi atasema si tulimwambia. Ukiwa bado "unajiandaa" hakuna anayeweza kukucheka, mtu anayejiandaa ana heshima yake, anaonekana mwenye mipango. Nadhani sehemu kubwa ya hizo kurasa 22 zinakulinda na macho ya watu kuliko zinavyokulinda na hasara. Dawa yake ni rahisi tu, usitangaze. Usiweke status, usifungue akaunti, logo iache ilale. Raundi ya kwanza ajue mama yako na mwenye ndoo za dagaa basi, watu hawawezi kucheka biashara ambayo hawaijui.

Sasa tarehe. Hapa ndo pa kujipanga kweli kwa sababu ziwa halikusubiri. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, nchi zinazolizunguka zilikubaliana samaki wapumzike wazaliane. Waliokuwa wamejipanga vizuri kabisa waanze mwezi wa 6 kwa kuwa ndo kiangazi wakabaki na chanja zao tupu. Kwa hiyo ulizia ofisi ya uvuvi kabla hujapanga chochote cha katikati ya mwaka. Ukiondoa hilo, jua zuri la kuanikia ni kabla mvua hazijaanza, kwetu zikishaingia mwezi wa 10 mwishoni au wa 11 kuanika ni kukimbizana na mawingu mpaka mwezi wa 4, na mwanafunzi asianzie hapo, mi nilianzia hapo unaona kilichonipata.

Basi giza linalokuja, Jumapili yake, amka alfajiri nenda Kibirizi na mama boti zikiwa zinarudi. Muache mama achague, we shika mzani na daftari. Nunua ndoo moja, mbili ukizidisha. Pima kilo mbichi andika. Anika juu ya chanja, hata la kuazima, geuza, fukuza kuku, andika saa. Pima kavu andika. Hapo umeshapata ile namba. Zikishapoa kabisa, sisitiza kupoa maana ukizifunga na joto zinatoa jasho ndani ya mfuko, funga pakiti ndogo. Tatu ziweke kabatini usiziguse wiki tatu, halafu fungua moja moja unuse, uone kama kuna ukungu au zimebadilika rangi. Hiyo ndo maabara yako ya mwanzo kabla ya ile ya TBS.

Zilizobaki, una ndugu Dar, kila mtu wa Kigoma ana ndugu Dar. Mtumie kilo mbili kwa basi, ulipie mzigo uandike umelipa ngapi kwa sababu hiyo nayo watu wanaisahau kwenye mchanganuo. Ila usimpe zawadi akakwambia "tamu sana dada", ndugu wote husema hivyo. Mwambie awauzie majirani wawili watatu ambao hawakujui, kwa bei uliyopiga kwenye daftari, na akuambie walivyolalamika neno kwa neno. Akirudisha hela kwenye simu umepata jibu, asiporudisha umepata jibu pia (na umemjua ndugu yako). Ukishafanya hivyo mara tatu, giza tatu, niandikie tena, utaniletea maswali tofauti kabisa na haya, ya uzito wa pakiti na nani analipa mzigo ukichelewa, na hayo nitakujibu kwa furaha zaidi.

Jambo moja dogo la siku ile ya kwanza. Jioni utakuwa umechoka, dagaa zitaonekana zimekauka, zinang'aa, mkono wako utataka kufunga mifuko ili mzigo uwahi basi la alfajiri. Mpe mama ashike chache, azivunje. Akisema bado, ni bado, zirudishe chanjani kesho yake na basi liache liende.